Jina la 555 na mengine tunayokosea kuhusu wazee wa saketi za analojia

Karibu kila anayejifunza elektroniki huambiwa kwamba chipu ya 555, ile ya kupima muda, iliitwa hivyo kwa sababu ndani yake mna rezista (vipande vinavyozuia mkondo) tatu za kiloomu 5. Nami nilifundishwa hivyo, nikawafundisha wengine kwa miaka. Si kweli. Hans Camenzind, Mswisi aliyehamia Marekani na kuibuni chipu hiyo mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics, alieleza mwenyewe kwamba namba ilichaguliwa tu na Art Fury, meneja wa masoko, aliyeamini kuwa bidhaa itauzika sana. Rezista tatu zimo, lakini jina halikutoka kwao.

Hekaya hiyo inaniuma kwa sababu inatufanya tukariri ukubwa wa rezista, kumbe ukubwa wenyewe si hoja. Zikitoka kiwandani zikiwa kiloomu 4 au 6, chipu inapima muda vilevile. Hoja ni kwamba zote tatu zinalingana. Zinaigawa volti ya betri mafungu matatu sawa, na kapasita ya nje, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, inajaa hadi theluthi mbili kisha inashuka hadi theluthi moja. Betri ikichoka, mipaka yote miwili inashuka, na kasi ya kujaa inapungua kwa kiasi kilekile, basi muda unabaki palepale. Kwenye kipande cha silikoni ni gharama kubwa kupata rezista ya kiasi kamili, ila kupata tatu zinazofanana kama mapacha ni rahisi. Camenzind aliijenga chipu nzima juu ya wazo hilo. Tena toleo lake la kwanza lilikuwa na miguu 9. Alipoona kwamba rezista moja tu inatosha kuijaza kapasita, mguu mmoja ukaondoka, na 555 ikaingia kwenye ganda la miguu 8 tunalolijua.

Wengine husema 741, chipu maarufu ya kukuza volti, ni kazi ya Bob Widlar. Hapana. Ni ya Dave Fullagar wa kampuni ya Fairchild, mwaka 1968. Widlar alikuwa amebuni 709, chipu ya aina hiyohiyo, hapohapo Fairchild mwaka 1965, akahamia National Semiconductor na kutoa LM101 mwaka 1967, ambayo ilihitaji kapasita ndogo ya pikofaradi 30 nje ili volti yake isianze kutetema yenyewe. Fullagar aliiweka kapasita hiyo ndani. Badiliko dogo, lakini ndilo lililowafaa mafundi wasio na muda wa hesabu.

Halafu kuna dhana kwamba analojia, yaani saketi za volti inayopanda na kushuka bila ngazi, ilikufa ilipoingia dijitali, ile ya sifuri na moja. Chukua chaja ya simu iliyo mezani kwako. Ili itoe volti 5 bila kupanda na kushuka, lazima iwe na kipimo cha ndani kisichobabaishwa na joto. Mapema miaka ya 1970 Widlar alipata njia. Volti ya transista kati ya miguu yake miwili, besi na emita, hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tofauti ya volti kati ya transista mbili zinazopitisha mkondo kwa msongamano tofauti, yenyewe hupanda joto linapopanda. Ikuze hiyo ya pili kwa kiasi sahihi, zijumlishe, nawe unapata takriban volti 1.2 ambayo haiyumbi. Makosa mawili yamefutana! Wazo hilo limo ndani ya vifaa vya dijitali visivyohesabika, kimyakimya, hadi leo.

Kubwa kuliko zote ni ile ya kwamba simulesheni ya kompyuta imemaliza haja ya meza ya majaribio, na kwamba Bob Pease, mhandisi wa National Semiconductor aliyeipinga, alikuwa mzee mkaidi tu. Pease alichokataa ni kuamini jibu la kompyuta bila kupima. Nimeliona kwa macho yangu. Kijana karakanani kwetu alitengeneza kihesabuji kinachopigishwa na 555. Kwenye kompyuta kilihesabu sawasawa. Mezani kikawa kinaruka namba. Tukaweka osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, kwenye waya wa umeme: kila 555 inapogeuka, volti inadidimia ghafla, kwa sababu kwa kitambo kifupi mno transista zake za juu na za chini hupitisha mkondo kwa pamoja. Mfano wa kwenye kompyuta haukuwa na waya mrefu tuliotumia. Akakata miguu ya kapasita ya nanofaradi 100 ikawa mifupi kabisa, akailehemu kati ya mguu wa 1 na wa 8 wa 555, miguu inayoingiza umeme, iwe akiba ya karibu. Namba zikaacha kuruka.

Na wale wanaodhani bila shahada huwezi kufika huko, wamtazame Jim Williams, mbunifu wa saketi za analojia. Hakuwa na shahada ya uhandisi, lakini alifanya kazi chuo cha MIT, kisha National Semiconductor, kisha kampuni ya Linear Technology, akiandika maelezo ya saketi ambazo alikuwa amezijenga na kuzipima mwenyewe. Alifariki Juni 12, 2011. Siku sita baadaye Pease alitoka kwenye ibada ya kumkumbuka, akapata ajali akiendesha gari lake, naye akafariki. Mwaka huohuo makumbusho ya historia ya kompyuta kule Mountain View, California, yaliichukua meza ya Williams na kuionyesha kama alivyoiacha, osiloskopu zimebebana, waya na vipande vya saketi vimetapakaa kila mahali.