Mbolea siyo inayoleta mwani kwenye tangi la samaki

Anayeanza kufuga samaki pamoja na mimea huonywa mapema: usitie mbolea, maji yatajaa mwani, ule utando wa kijani. Onyo hili lilipata nguvu mwaka 1996, wapenzi wa matangi ya mimea Paul Sears na Kevin Conlin walipoandika kwamba kubana fosfati, kirutubisho kimojawapo cha mimea, hudhibiti mwani. Baadaye mkuzaji mwingine wa mimea ya majini, Tom Barr, alitia fosfati kwa makusudi kwenye matangi yenye mimea mingi yenye afya, na mwani haukuzuka. Mwani huhitaji virutubisho kidogo mno. Kinyesi cha samaki wachache kinautosha. Anayebaki na njaa ni mmea, na inasikitisha kuuona ukifa kwa hofu isiyo na msingi.

Tazama kwa karibu jani la anubiasi, mmea mmojawapo wa matangi. Vitundu vidogo vyenye ukingo wa njano mara nyingi ni dalili ya kukosa potasiamu, kirutubisho kingine cha mimea, na jani dhaifu kama hilo ndilo mwani hulivamia kwanza.

Tatizo kwa kawaida ni taa. Huachwa ikiwaka tangu asubuhi hadi watu wanapolala, nayo mimea ingali michanga. Anza na saa 6 kwa siku, tangi likae mbali na dirisha lenye jua. Mbolea ya maji itie nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki baada ya kubadilisha maji.