Gari halinywi maji bure

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea Vitz yake gereji, Industrial Area. "Fundi, hii gari inakunywa maji kuliko mimi." Kila asubuhi alikuwa anaongeza nusu chupa kwenye rejeta, na bado akikwama kwenye foleni ya Jogoo Road taa nyekundu ya joto inawaka. Fundi wa kwanza alimbadilishia pampu ya maji. Wa pili alitaka kufungua hedi, kichwa cha injini.

Nilianza na kijiti cha oili. Maji yakipenya kwenye oili, rangi yake hugeuka kuwa ya chai ya maziwa. Yake ilikuwa nyeusi tu. Nikafungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi (nina kovu mkononi linalonikumbusha mara niliyokosa subira). Raba ya chini ya kifuniko ilikuwa imepasukapasuka kama kandambili kuukuu, na mdomo wa rejeta umeshika ukoko mweupe.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 Mombasa, hapa huchemka kwenye 94 hivi. Muulize yeyote aliyewahi kupika githeri bila presha kuka. Injini nyingi nazo hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo nafasi ni finyu mno. Kinachotuokoa ni kile kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana mfumo, na kikiwa kizima, chenye namba ya presha kama 1.1 juu yake, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kikichoka, yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye tangi la akiba, yanafurika na kumwagika barabarani. Kesho unaongeza mengine.

Nilimwekea kifuniko kipya kutoka Kirinyaga Road, nikasafisha mfumo, nikajaza kulanti, yale maji maalum ya kupoza injini. Maji ya bomba pekee huleta kutu na ule ukoko. Na usichanganye kulanti nyekundu na ya kijani kwa kubahatisha. Nyingine zikikutana huganda kama uji.

Oili ipime asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Futa kijiti, kirudishe hadi mwisho, ndipo usome. Yule kijana wa kituo cha petroli anayekuonyesha kijiti kikavu dakika moja baada ya kuzima injini huenda hadanganyi: oili bado iko juu, haijashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Lakini ukinunua chupa hapo, umezidisha, na oili iliyozidi nayo ina madhara.

Mafuta ya breki yakishuka polepole, kagua padi kwanza, huenda zimelika. Yakishuka ghafla, kuna mahali yanavuja, usiliendeshe. Hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo mimi huyabadilisha kila miaka 2. Yaliyozeeka yanaweza kuchemka ukiteremka Mai Mahiu, na pedali ikazama hadi sakafuni.

Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) iwekee mafuta ya CVT. Hapo sina mjadala.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi, akafungua boneti mwenyewe na kunionyesha tangi la akiba: kulanti ilikuwa palepale tulipoiacha. Alichokuja nacho safari hii ni mlio wa gurudumu la nyuma.