Mario akitumbukia, usilaumu vidole vyako

Waliokulia Michenzani miaka ya 1990 wakicheza Super Mario Bros., wakilishika tena leo hutumbukia shimoni mara moja, kisha husema: "Uzee huu!" Imani hiyo ni ya siku nyingi, na inawaonea.

Gemu lile la mwaka 1985 lilitengenezewa TV za chogo, ambazo huchora picha mstari kwa mstari, papo hapo ishara inapoingia. TV bapa huipokea picha, huikuza na kuisafisha kwanza, ndipo huionesha. Ni sehemu ndogo ya sekunde tu, lakini umebonyeza ukingoni na Mario ameshazama. Hata ubaya wa picha unatoka huko: chogo kililainisha vijisanduku vya rangi, kioo bapa kinavionesha na pembe zake zote.

Umri nao una sehemu yake, maana wepesi wa mikono hupungua taratibu. Mapenzi ya gemu hilo je? Watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya umri wa miaka 10 hadi 30, ndiyo maana muziki wa gemu lile bado unasisimua.

Washeni hali ya gemu (Game Mode) kwenye mipangilio ya TV, ipunguze ule usafishaji wa picha. Kama kwa bibi bado kuna chogo kinachowaka, kachezeeni huko kabla hakijauzwa chuma chakavu.