Mahakama haikufuta mahari Uganda

Tangu Agosti 2015, wengi husema Mahakama ya Juu ya Uganda ilipiga marufuku mahari. Haikufanya hivyo.

Shauri lilifunguliwa na Mifumi, shirika la kutetea wanawake lililoanzia Tororo, pamoja na wenzake. Lilianza Mahakama ya Katiba, maana huko ndiko tafsiri ya Katiba huanzia; Mahakama ya Juu husikiliza rufaa. Mwaka 2010 walishindwa, wakakata rufaa.

Majaji wengi waliona kwamba mahari yenyewe haivunji Katiba. Walichobatilisha ni desturi ya kudai irudishwe ndoa ikivunjika. Ibara ya 31 inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Sasa mke anayepigwa, ambaye hawezi kuondoka mpaka baba yake arudishe ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani, ana haki gani hapo? Huu ndio moyo wa hukumu, na ndio unaorukwa kila siku.

Kwa ibara ya 132, mahakama zote za chini hufungwa na uamuzi huo. Anayewafuata wakwe kudai ng'ombe wake hana sheria upande wake.