Usifute Blogu ya Zamani: Dhana Potofu za Kuhamia Tovuti Yako

Dhana potofu kuhusu kuhamisha blogu nimeisikia tena wiki hii, na safari hii nimeona niiandike. Mama mmoja wa Tudor, mpishi hodari ambaye kwa miaka 7 ameandika mapishi ya Pwani kwenye blogu ya bure, aliingia ofisini kwangu Ganjoni, hapa Mombasa, na kompyuta kaikumbatia kifuani. Alikuwa amejinunulia domeni (jina la tovuti) na hostingi (nafasi ya kukodi ya kuiweka), akahamisha blogu mwenyewe kwa usiku mmoja.

"Shikamoo mama. Ile blogu ya zamani ingalipo?"

"Marahaba mwanangu. Nimeshaifuta, ya nini tena? Maandishi yote yamekuja. Ila picha ndizo zimenikimbia."

Nikafungua posti ya mkate wa sinia. Mchele wa kuroweka, tui zito, hamira, iliki, ute wa yai, vyote vimeandikwa kwa vipimo vyake. Lakini pale alipokuwa ameweka picha ya mchele uliosagwa ukianza kuumuka, pamebaki kifremu kitupu chenye alama ya picha iliyochanika. Nikateremka, kifremu kingine. Nikaenda kwenye samaki wa kupaka: picha 9 zilikuwapo, sasa vifremu 9.

Dhana iliyomponza, na inayoponza wengi wanaonijia, ni hii: ukishashusha faili la kuhamishia, basi blogu nzima umeishika mkononi. Sivyo. Faili linalotoka kwenye WordPress, programu ya kuendeshea blogu, ni maandishi matupu ya XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama. Lina posti, kurasa, maoni, tarehe na lebo. Picha hazimo. Kilichomo ni anwani za mahali picha zinapokaa, na anwani ya nyumba si nyumba.

Huhitaji ufundi kulithibitisha. Angalia ukubwa wake kwanza. Faili la huyu mama lilikuwa na megabaiti 3, na picha moja tu ya simu ya siku hizi huweza kufika hapo peke yake. Mamia ya picha zingeingiaje humo? Nikamfungulia lile faili kwa programu ya kawaida ya maandishi, nikatafuta "jpg". Likatokea kila mahali, na kila mara ni mwisho wa anwani inayoelekea kwenye blogu ileile aliyoifuta.

Picha husafiri kwa njia nyingine. Unapoingiza faili kwenye tovuti mpya, kuna kisanduku kidogo kinachokuuliza kama unataka viambatisho vipakuliwe pia. Ukikitia tiki, tovuti mpya huzifuata zile anwani moja moja, ikachukua kila picha kutoka kwa seva ya zamani (kompyuta inayotunza blogu) na kuiweka kwake. Kwa hiyo blogu ya zamani lazima iwe hai na wazi wakati kazi hiyo inafanyika. Usipotia tiki, maandishi yataingia na picha zitabaki zilipokuwa.

Na hapa ndipo watu wanapodanganyika, wala siwalaumu. Siku ya kwanza kila kitu huonekana sawa! Unafungua tovuti mpya, picha hizo hapo, zinang'aa. Kumbe tovuti inaziazima kutoka kwa seva ya zamani kila msomaji anapofungua ukurasa. Siku unapofuta ya zamani, hakuna tena pa kuazima.

Hata ukitia tiki, blogu yenye picha nyingi huweza kukwama katikati, kwa sababu seva za bei nafuu huweka kikomo cha muda wa kazi moja. Ikikwama, liingize faili lilelile tena. Posti zilizokwisha kuingia zitarukwa, na kazi itaendelea. Faili lenyewe likikataliwa kwa ukubwa, waombe wenye hostingi wakuongezee kikomo cha kupandisha. Mpangilio wa kawaida wa PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye seva, ni megabaiti 2 tu.

Kisha jaribu. Fungua posti 10, za mwaka wa kwanza, za katikati na za juzi. Bonyeza picha, ifungue kwenye kichupo chake yenyewe, usome anwani iliyo juu. Ikiwa ni jina la domeni yako mpya, picha imehama. Ikiwa bado ni jina la blogu ya zamani, haijahama, hata ikionekana vizuri namna gani. Ni jaribio la dakika 5, na nawaomba wateja wangu walifanye mbele yangu. Baada ya hapo, iache blogu ya zamani miezi 3 bila kuigusa. Haikugharimu kitu.

Za yule mama tulizookoa ni zile zilizohifadhiwa na Wayback Machine, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za zamani, nazo ni chache, pamoja na zile alizowahi kuwatumia dada zake kwa WhatsApp. Picha za jiko la marehemu mamake huko Mji wa Kale hatukuzipata.

Dhana nyingine nitazipitia upesi.

"Nimenunua domeni, kwa hiyo tovuti ninayo." Ulichonacho ni jina. Hostingi ndiyo nafasi ya kuweka vitu, na vyote viwili vina malipo ya kila mwaka. Domeni za .ke husimamiwa na KeNIC, msajili wa majina ya mtandao ya Kenya, na kuuzwa na mawakala wake. Mtu binafsi anaweza kuchukua jina la .me.ke. Hili nalisisitiza hadi nachosha watu: jina lisajiliwe kwa barua pepe yako wewe, si ya fundi, si ya mpwa aliyekusaidia. Nimeona watu wakimtafuta fundi aliyehamia Nairobi huku jina limeisha muda.

"WordPress ni moja tu." Ziko mbili. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic, inayokuwekea blogu kwenye seva zake. WordPress yenyewe ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2003, unayoiweka kwenye hostingi yoyote. Unapohama unatoka ya kwanza unakwenda ya pili, ndiyo maana dashibodi zinafanana na watu wanachanganyikiwa.

"Kujisimamia ni kuweka seva nyumbani." La, usijaribu, na umeme wetu huu. Unakodi nafasi kwenye seva ya watu. Wala si lazima iwe Kenya: nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na seva iliyoko Ulaya inafikika vizuri. Blogu nyingi ninazoletewa kwa malalamiko ya uzito hazina shida ya umbali. Zina picha za megabaiti 4 zilizopandishwa kama zilivyotoka kwenye simu.

"Nikihama, Google itanisahau." Itakusahau ukibadilisha anwani zote bila kuacha taarifa. WordPress.com huuza huduma ya kuelekeza, kwa malipo ya mwaka, inayompeleka msomaji kwenye anwani mpya kwa msimbo wa 301, yaani huyu amehama kabisa. Lakini inafanya kazi vizuri ikiwa sehemu ya nyuma ya anwani haikubadilika. Blogu za huko kwa kawaida hutumia mwaka, mwezi, siku, kisha jina la posti. Basi kwenye tovuti mpya nenda kwenye mpangilio wa viungo vya kudumu (Permalinks), uchague muundo wenye siku na jina kabla hujaingiza chochote.

"Bakapu, yaani nakala ya akiba, ni kazi ya wenye hostingi." Wengine hufanya, wengine hufanya kwa kulipia, na ya kwako wewe hakuna atakayekufanyia. Hifadhidata, yaani ghala la maandishi ya tovuti, peke yake haitoshi, kwa sababu ile ile: ina maandishi na anwani. Picha ziko kwenye folda ya wp-content/uploads. Shusha vyote viwili kila mwezi, uviweke kwenye diski isiyokaa mfuko mmoja na kompyuta yako.