Nani kasema kombora halionekani kwenye rada?

"Mbona limedunguliwa, na tuliambiwa halionekani kwenye rada?" Swali hili, kuhusu makombora ya kruzi, yale yanayoruka chini kama ndege ndogo, nimelijibu kwa mdomo, kwa simu na ubaoni kwa miaka mingi. Juzi nimeulizwa tena. Aliyeuliza anaandika habari za kijeshi, na alikuja na jibu lake mkononi: watengenezaji wametudanganya. Sasa naandika, ili akija mwingine nimwelekeze hapa.

Kosa limo ndani ya maneno yenyewe. "Lisiloonekana kwenye rada" ni maneno ya taarifa ya habari. Sisi tunaopima tunasema mwangwi mdogo. Rada inatuma wimbi, wimbi linagonga kitu, kiasi kidogo kinarudi; hicho ndicho mwangwi. Anayesanifu kombora la namna hii anataka wimbi liende kwingine kokote, lisirudi lilikotoka. Rangi na vifaa vya kunyonya mawimbi vipo, lakini umbo ndilo linalobeba mzigo.

Nilipoanza kazi, mkubwa wangu aliniingiza kwenye chumba cha kupimia, kuta zimejaa sponji nyeusi zenye ncha. Akasimamisha juu ya nguzo bati bapa la sentimeta 30 kwa 30, likaitazama antena ya mawimbi ya sentimeta 3. Mwangwi hupimwa kwa mita za mraba, kama ukubwa wa kitu machoni pa rada. Kipimo kikasoma zaidi ya mita za mraba 110, na bati lenyewe ungelibeba kwapani. Akaligeuza nyuzi 10 tu. Mwangwi ukaporomoka zaidi ya mara 100. Hakupaka kitu, hakukata kitu, aliligeuza tu. Tangu siku ile, nikitazama picha ya JASSM, kombora la kruzi la Marekani linalorushwa kutoka ndege, jicho langu linakwenda kwenye mbavu zake zilizoinama.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo watu hawataki kuisikia. Umbali ambao rada inakiona kitu unafuata kipeuo cha nne cha mwangwi. Punguza mwangwi mara 100, umbali unapungua mara 3 na kidogo. Ukitaka umbali upungue mara 10, lazima mwangwi upungue mara 10,000. Kwa hiyo rada iliyokuwa inakiona kitu chenye mwangwi wa mita moja ya mraba kikiwa umbali wa kilomita 200, itakiona chenye sehemu moja ya mia yake kikiwa kilomita 63. Itakiona, narudia. Itachelewa kukiona.

Hapo ndipo wengi wanaofuata vizuri mpaka hapa wananipotea. Dunia ni mviringo. Antena iliyoinuliwa mita 20 haiwezi kuliona kombora linaloruka mita 50 juu ya ardhi tambarare mpaka lifike kama kilomita 47. Linganisha na zile 63. Kwa rada hiyo ya ardhini, kupunguza mwangwi mara 100 hakukununua hata kilomita moja! Kazi ilishafanywa na kuruka chini, na hata kombora la umbo la bomba la kawaida lingefika palepale bila kuonwa. Vilima vikiwepo, umbali unazidi kufupika.

Basi gharama yote ile ya nini? Ya kumkabili anayetazama kutoka juu. Ndege ya rada ikiwa mita 9,000, upeo wake kwa kombora lile la chini unafika karibu kilomita 420. Kujificha nyuma ya mviringo wa dunia hakusaidii tena. Hapo mwangwi mdogo unalipa kwelikweli. Umbali ukipungua mara 3 na kidogo, eneo la mduara linapungua mara 10. Anga iliyolindwa na ndege moja sasa inadai ndege kumi, na ndege hizo hakuna aliye nazo za kumwaga. Faida nyingine iko kwenye kombora la kudungulia lenye rada yake ndogo puani: likiwa linakiona kitu cha kawaida kwa kilomita 10, sasa linakiona kwa kilomita 3, na muda wa kujipanga umekwisha.

Historia inasema hivyohivyo. Wasovieti walipoleta ndege ya kivita MiG-31, yenye rada inayotazama chini, Wamarekani wakaona kombora lao la AGM-86B litakuwa windo rahisi. Mwaka 1983 kampuni ya General Dynamics ikapewa kazi ya kombora la AGM-129, la nyuklia, lenye mabawa yaliyoelekezwa mbele. Yalitengenezwa 460 tu, na likaondolewa mwaka 2012. Mradi wa kampuni ya Northrop wa kombora la AGM-137 ulifutwa mwaka 1994 kwa sababu ya gharama, na JASSM ikazaliwa kwenye pengo hilo. Uingereza na Ufaransa walikwenda njia yao na kombora la Storm Shadow, ambalo Ufaransa inaliita SCALP. Waingereza wakalirusha vitani mara ya kwanza Iraq mwaka 2003.

Kuhusu rada za zamani za mawimbi marefu, zile ambazo kila mtu ananitajia kwa sababu ya F-117, ndege ya Marekani yenye mwangwi mdogo, iliyodunguliwa Serbia mwaka 1999: ni kweli, wimbi la mita mbili haliheshimu sana umbo la kitu kidogo kama kombora. Mkia na bawa vinalingana na wimbi lenyewe, kwa hiyo vinaitika. Lakini rada hiyo inakuambia "kuna kitu kule", na kule ni pana. Kugundua, kufuatilia na kulenga ni kazi tatu, na kombora la kruzi linahitaji kuvuruga moja tu kati ya hizo.

Nina shaka yangu pia, na siifichi. Aprili 2018 Marekani, Uingereza na Ufaransa zilirusha silaha 105 kwenda Syria, kati yake JASSM 19, mara yake ya kwanza vitani. Urusi ikadai 71 zilidunguliwa. Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikasema hakuna hata moja. Hata nikiichukua kauli ya Pentagon kama ilivyo, siwezi kuzipa mbavu zilizoinama sifa zote. Kulikuwa na njia zilizopangwa kukwepa mitambo, na wingi wa makombora kufika kwa wakati mmoja. Ukraine nayo imerusha Storm Shadow tangu 2023 kutoka Su-24, ndege ya Kisovieti isiyo na ufichaji wowote, na matokeo yake yamechanganyika na udanganyifu wa rada na droni zilizotangulia. Kutenganisha mchango wa umbo na vyote hivyo ni kazi ambayo mimi, baada ya miaka yote hii chumbani, siamini inawezekana kwa kutazama mabaki.

Kwa hiyo ukiniletea picha ya mabaki shambani, nitakuuliza: lilikuwa mita ngapi juu, rada ilikuwa ardhini au angani, na lilitazamwa kutoka mbele au ubavuni? Bati lile lilihitaji nyuzi 10 tu.