Zuhura na Mshtarii kutoka pwani ya Mangapwani

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa ni nyota gani ile kubwa inayowaka upande wa magharibi mara tu baada ya magharibi kuadhiniwa. Hiyo si nyota bali ni sayari ya Zuhura, na jioni ya tarehe 9 Juni 2026 itakutana na Mshtarii kwa ukaribu ambao mtu ataweza kuziziba zote mbili kwa kidole gumba, akinyoosha mkono mbele ya jicho moja.

Sisi wa Unguja tuna bahati ya pwani inayoelekea magharibi. Mimi huwapeleka watu Mangapwani, mbali na taa za mjini, tukafika kabla jua halijazama. Kufikia saa moja usiku sayari hizo mbili zitakuwa bado juu vya kutosha, upande wa magharibi unaoelekea kaskazini, na mwezi hautachomoza mpaka baada ya saa sita usiku. Zuhura itang'aa takribani mara saba kuliko Mshtarii, ingawa Mshtarii ndiyo kubwa zaidi; tofauti ni kwamba iko mbali nasi karibu mara tano ya Zuhura. Chini yao, karibu na upeo wa bahari, mtafutaji mvumilivu ataiona sayari ya tatu, Utaridi.

Sayari hutambulikaje? Nyota iko mbali mno hata mwanga wake hutufikia kama ncha ya sindano, na hewa ikiuyumbisha tunaona inametameta. Sayari ni kiduara kidogo, kwa hiyo mwanga wake hutulia. Hata hivyo, sayari ikiwa chini sana nayo humetameta, ndiyo maana mimi hutegemea zaidi njia: sayari hazitoki kamwe mbali na njia inayopitwa na jua angani. Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili, egemeza viwiko ukutani ili mikono isitetemeke, kisha itazame Mshtarii. Vidoa vya mwanga vilivyojipanga kwa mstari kando yake ni miezi yake mikubwa, ile minne aliyoigundua Galileo Januari 1610, na ukirudi kesho yake utakuta imebadilisha nafasi.

Njia hiyo hiyo ya jua, upande wa kusini-mashariki, inapita kwenye Nge, kundi la nyota linalotawala usiku wa Juni. Nyota nyekundu iliyo moyoni mwake, Antares, hupanda kwetu hadi nyuzi 70 hivi, ilhali mtazamaji wa London, ambaye majira yake ya joto ndiyo yanaanza na usiku wake hauingii giza kamili, huiona kwenye nyuzi 12 tu juu ya mapaa.

Jioni ya tarehe 17 hilali itakuwa jirani na Zuhura. Katika siku hizo hizo, anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri atazame mashariki: Mirihi, nyekundu na hafifu, na chini yake kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kikiwa kimerejea. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ndivyo kilivyofanya. Kilizama wakati wa masika, na sasa kinazuka katika kipupwe, kusi ikivuma.